Kampuni mbili zimeungana, mbona chumbani mwangu mtandao umepotea?

"Mtaalamu, salaam. Kampuni yangu ya simu iliungana na nyingine yapata miezi minane iliyopita. Tulitumiwa ujumbe kwamba sasa tutapata mtandao mpana zaidi kwa kuwa minara ya kampuni zote mbili ni yetu. Kwangu imekuwa kinyume. Zamani simu ilikuwa inasoma vijiti vitatu au vinne vya 4G chumbani. Siku hizi kimoja, mara hakuna kabisa. Watu wananipigia wanaambiwa sipatikani, na mimi nimeishika mkononi. Nikipiga simu, intaneti inakatika mpaka nimalize kuongea. Chaji haifiki jioni. Mnara ninaouona dirishani bado umesimama palepale. Kinachonichanganya zaidi, mama ninayeishi naye ana kitochi chenye laini ya kampuni hiyohiyo na kinasoma vizuri tu. Mdogo wangu naye, laini hiyohiyo, akija na simu yake mpya anapata intaneti ya kasi akiwa kwenye kiti changu. Huduma kwa wateja kila nikiwapigia wanasema maboresho yanaendelea. Simu yangu nimeitumia miaka sita na haijawahi kunisumbua. Je, wametupunguzia mtandao makusudi ili tununue simu za 5G? Ninunue kikuza mawimbi, ninunue simu mpya, au nihame?"

Ndugu yangu, umenipa kitu ambacho wengi wanaoniandikia hawanipi: simu tatu, kampuni moja, nyumba moja. Huo ni ushahidi, na ukisomwa vizuri unajibu zaidi ya nusu ya maswali yako. Naelewa pia kinachokuuma. Uliahidiwa zaidi ukapata pungufu, na ndani ya nyumba kuna mzazi ambaye siku ya dharura atahitaji mtu anayepatikana. Kwa hiyo nianze na jambo unalohitaji kulijua kabla ya kutoa pesa yoyote: kwa maelezo yako, inaelekea sana kwamba nyumba yako haijaachwa bila mtandao. Iliyoachwa ni simu yako, au kadi iliyomo ndani yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tiba zake hazifanani hata kidogo.

Tuanze na kuungana kwenyewe. Siku ambayo kampuni mbili zinatia saini, hewani hakibadiliki chochote. Kila moja inaamka kesho yake na minara yake, masafa yake na mtambo wake mkuu unaojua wateja wake ni akina nani. Hatua ya kwanza huwa ni kufunguliana milango, yaani mteja wa huku aruhusiwe kudaka mnara wa kule. Uingereza, Orange na T-Mobile zilipoungana mwaka 2010, wateja wa pande zote mbili walianza kutumia minara ya wenzao mwezi Oktoba mwaka huohuo, na mwanzoni ilikuwa kwa 2G peke yake. Kipindi hicho cha kufunguliana milango ndicho ujumbe uliotumiwa ulikuwa unakizungumzia. Ulikuwa wa kweli, ila ni ukweli wa muda.

Baadaye inakuja kazi ambayo hakuna anayekutumia ujumbe kuihusu. Mahali ambapo kampuni zote mbili zina minara ya jirani inayofunika mtaa mmoja, mmoja unabaki na mwingine unazimwa. Sitakuficha: kupunguza gharama za minara pacha ni mojawapo ya sababu kubwa za kampuni kuungana. Kila mnara unalipiwa kodi ya ardhi, umeme, ulinzi na mafundi. Marekani, T-Mobile ilikamilisha kuichukua Sprint tarehe 1 Aprili 2020, na kufikia katikati ya mwaka 2022 mitandao ya zamani ya Sprint ilikuwa imezimwa, maelfu ya minara ikiondolewa kazini. Mteja wa Sprint aliyekuwa na simu isiyoweza kuongea na mtandao mpya alilazimika kubadili kadi au simu. Simu zao hazikuharibika. Lugha ambazo simu hizo zilizijua zilikoma kuzungumzwa hewani.

Sasa kuhusu ule mnara wa dirishani. Mnara ni chuma tu. Mtandao ni zile antena zilizofungwa juu yake, zile paneli ndefu nyembamba zinazotazama pande tatu, pamoja na visanduku vya redio vilivyo nyuma yake. Sehemu nyingi duniani chuma hicho ni mali ya kampuni ya kukodisha minara, na juu yake wamepanga watoa huduma wawili watatu. Mmoja akihama, fundi anapanda, anafungua paneli zake, anashuka nazo, na mnara unabaki umesimama kama jana. Ukiwa na picha ya zamani iliyonasa mnara ule kwa bahati, ilinganishe na unavyoonekana leo kwa kuhesabu paneli. Kuna watu waliopata jibu lao kwenye picha ya sherehe iliyopigwa barazani.

Wateja na minara wanaweza hata kwenda njia tofauti kabisa. Kenya, kampuni ya simu ya yuMobile ilipouzwa kati ya mwaka 2014 na 2015, wateja wake walihamia Airtel, lakini minara na vifaa vilichukuliwa na Safaricom. Mtu aliyekuwa akitazama mnara wa yu kila asubuhi aliendelea kuutazama, nao haukuwa tena wa laini yake.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha jambo lako: masafa. Simu na mnara huongea kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yamegawanywa katika mafungu. Ya chini ni kama 700, 800 na 900 megahezi. Ya kati ni kama 1800 na 2100. Ya juu ni kama 2600 na 3500. Ya chini husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini njia yake ni nyembamba, haibebi mzigo mkubwa wa intaneti. Ya juu yana njia pana na kasi kubwa, lakini huchoka haraka na ukuta wa zege huyamaliza. Kwa kipimo, ukitumia antena za aina moja, wimbi la 2600 hufika likiwa dhaifu takriban mara nane kuliko la 900 kwa umbali uleule, kabla hata halijagusa ukuta wako.

Kampuni zikiungana, mafungu yao yanawekwa kapu moja na kupangwa upya. Fungu lililokuwa la 3G linapewa 4G. Lililokuwa la 4G ya kampuni ndogo linaunganishwa na la kampuni kubwa ili njia iwe pana. La juu linapewa 5G. Mpangilio huu ukikamilika huwa mzuri kweli, na sisemi hivyo kuwatetea: T-Mobile ilipata nguvu kwa kuweka masafa ya 2.5 gigahezi yaliyotoka Sprint kwenye minara ileile iliyokuwa na 600 megahezi zake, la juu likileta kasi na la chini likileta upana. Lakini kila simu ilitengenezwa ikiwa na orodha ya mafungu inayoyasikia. Fungu lisilo kwenye orodha hiyo halisikiki, hata ukae chini ya mnara.

Turudi kwa mashahidi wako watatu.

Kitochi cha mama kinatumia 2G, na 2G katika nchi nyingi inakaa kwenye 900 au 1800. Kinasoma vizuri. Maana yake upo mnara wa kampuni yenu unaoifikia nyumba hiyo, kuta na yote. Ingekuwa mmezimiwa kabisa, kitochi kingekuwa cha kwanza kulia.

Simu ya mdogo wako ni mpya na inapata intaneti ya kasi kwenye kiti chako. Maana yake si 2G peke yake inayofika. 4G au 5G nayo inafika, kwenye fungu ambalo simu yake inalisikia.

Yako inahangaika. Ina miaka sita. Na umetaja dalili ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko vijiti: ukipiga simu, intaneti inakatika. Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya data, na hapo mwanzo haukubeba sauti kwa namna ya simu za zamani. Ili uongee ukiwa kwenye 4G, simu, kadi na kampuni vyote vitatu lazima vikubaliane juu ya huduma iitwayo VoLTE. Ikikosekana, kila unapopiga simu yako inaiacha 4G, inashuka kwenye 3G au 2G kuongea, kisha inapanda tena. Ikishuka kwenye 3G, intaneti inaendelea polepole. Ikishuka kwenye 2G, kwa kawaida inasimama. Huenda zamani ulikuwa unashuka kwenye 3G na hukuhisi kitu. Sasa 3G imezimwa au imepunguzwa, unaangukia 2G, ndiyo maana unahisi. Angalia juu ya kioo wakati unaongea: alama ya 4G ikigeuka kuwa E, yaani intaneti ya 2G, umeshapata jibu.

Kupanda na kushuka huko ndiko pia kunakofanya uambiwe hupatikani. Mnara unakuita kwa sekunde chache, na simu yako sekunde hizo iko njiani kati ya mtandao mmoja na mwingine, haisikii. Na chaji? Simu inayosikia mnara kwa shida huongeza nguvu ya kurusha hadi kikomo chake, kama mtu anayempigia kelele mwenzake ng'ambo ya mto, na mtandao ukipotea hutafuta upya fungu moja baada ya jingine. Betri yako inaishia huko.

Lipo jambo jingine ambalo wahudumu wengi wa simu hawalitaji, nalo ni kadi. Kadi ya laini ina kumbukumbu ndogo. Ndani yake mna namba ya utambulisho wa kampuni yako, orodha ya mitandao ya kupendelea, na orodha ya mitandao iliyokatazwa. Miaka ya nyuma, mkiwa bado kampuni mbili, simu yako ikikosa mtandao wake ilijaribu kubisha hodi kwa ile kampuni nyingine. Ikafukuzwa. Kadi ikaandika: hapa pasijaribiwe tena. Leo kampuni hiyo ndiyo nyumbani kwenu, na huenda kadi yako bado inapita mlangoni bila kubisha. Mtandao uliopangwa vizuri huiambia simu kwamba utambulisho wa zamani na mpya ni kitu kimoja, lakini kadi za zamani na simu za zamani hazilipokei agizo hilo kwa usawa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili mdogo wako akija. Zimeni simu zote mbili, mbadilishane laini, mkae kwenye kiti kilekile, muwashe. Subirini dakika tano, maana simu inachukua muda kujisajili. Laini yako ikifanya vizuri ndani ya simu yake, kadi haina kosa, simu ndiyo yenye shida. Laini yake ikifanya vizuri ndani ya simu yako huku yako ikisumbua ndani ya simu yake, shida ni kadi. Ikiwa laini zote mbili zinasumbua ndani ya simu yako na zote zinatulia ndani ya yake, suala limekwisha, hakuna haja ya kubishana na mtu. Wekeni namba zenu za siri za simu karibu ili msije mkajifungia nje.

Pili, acha kuhesabu vijiti. Hakuna sheria moja ya dunia inayosema kijiti kimoja ni nguvu kiasi gani. Kila mtengenezaji hujipangia. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm na alama ya kutoa mbele yake. Kwa 4G, kati ya -80 na -90 ni nzuri, -100 inatosha, chini ya -110 mazungumzo yanaanza kukatika, -120 ni ukingoni. Kila unaposhuka 3 umepoteza nusu ya nguvu, na ukishuka 10 imebaki sehemu moja ya kumi. Niliwahi kupima nyumba ya mtu aliyeapa kwamba kampuni imemtoroka. Dirishani ilisoma -97. Nikapiga hatua tatu kuelekea kitandani, nikapita kabati lenye kioo kikubwa, ikasoma -113. Hiyo ni tofauti ya mara 40 hivi. Nyuma ya kioo kuna utando wa madini unaorudisha mawimbi. Tulilisogeza kabati kwenye ukuta wa pili, akapiga simu akiwa amelala. Sisemi ndivyo ilivyo kwako, lakini pima dirishani, pima kitandani, pima nje, uandike namba na saa. Zitakufaa sana huko mbele.

Tatu, jaribu kuvunja lile katazo la kadi. Kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, iache simu itafute kwa dakika moja au mbili, kisha uchague kwa mkono jina la kampuni yako. Ukiona majina mawili, la zamani na jipya, jaribu moja baada ya jingine. Mtandao uliochaguliwa kwa mkono na kukubali huondolewa kwenye orodha ya waliokatazwa. Baadaye rudisha kuchagua kiotomatiki. Hapohapo tazama kama kuna swichi ya VoLTE au simu za 4G. Wakati mwingine iko tu imezimwa. Na ukiona alama ya R karibu na vijiti, simu inadhani iko ugenini. Kabla ya kuruhusu data za ugenini, uliza kampuni kama kuna makato, na uombe jibu kwa maandishi.

Sasa swali lako la makusudi. Nitakujibu kwa namna ninavyoliona. Hakuna anayekaa ofisini akipunguza nguvu ya mnara wako ili ununue simu. Mnara uliopunguzwa unawapotezea mapato kwa wateja wote walio chini yake. Lakini wanajua vizuri kabisa kwamba kila wanapohamisha fungu la masafa kuna simu za zamani zitakazoachwa, wanajua takriban ni ngapi, na wanaamua kuendelea. Hiyo si hujuma, ni hesabu. Kosa ninalowalaumu nalo ni kukaa kimya. Mtambo wao unaona kila simu ni ya aina gani na inasikia mafungu yapi. Wangeweza kukutumia ujumbe miezi mitatu mapema: simu yako haitafanya vizuri baada ya tarehe fulani. Kukuambia maboresho yanaendelea kwa miezi minane ni kumnyima mteja habari waliyo nayo mezani.

Na ukiambiwa kwamba mtandao sasa unafikia asilimia 98, uliza: ya nini? Kawaida ni asilimia ya watu, si ya ardhi, na hupimwa kama mtu yuko nje. Ramani za mtandao nazo huchorwa na kompyuta kwa kukadiria milima na majengo. Hakuna aliyeingia chumbani kwako na kipimo.

Tupime njia zako moja moja. Kadi mpya ndiyo ya kuanza nayo kama jaribio limeonyesha kadi, au kama kadi yako ina umri kuzidi muungano. Gharama yake huwa ndogo na namba haibadiliki. Fahamu tu kwamba majina uliyohifadhi ndani ya kadi yenyewe hayahami. Yahamishie kwanza kwenye simu.

Simu mpya ni jibu halali ikiwa jaribio limeonyesha simu. Usikimbilie neno 5G kwenye boksi. Nenda na maswali mawili: simu hii inasikia mafungu gani ya 4G, na je, VoLTE yake imethibitishwa kwa kampuni yangu? La kwanza lipo kwenye maelezo ya mtengenezaji, limeandikwa kwa namba za bendi, yaani mafungu ya masafa: bendi ya 28 ni 700 megahezi, ya 20 ni 800, ya 8 ni 900, ya 3 ni 1800. Kampuni ikuambie inatumia zipi eneo lako. La pili linawaponza wengi, kwa sababu simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kuwa na VoLTE kamili na bado isifunguliwe kwenye kampuni yako. Simu iliyotumika ya bei nafuu yenye bendi sahihi itakufaa kuliko ya kifahari isiyo nazo.

Kama una intaneti ya waya au ya namna nyingine nyumbani, uliza juu ya kupiga simu kwa waifai. Simu yako ikikubali na kampuni ikaruhusu, sauti inapita kwenye waifai na namba ni ileile. Kwa mtu mwenye ukuta mnene hii ni tiba nzuri na mara nyingi haina gharama ya ziada. Kasoro yake ni kwamba umeme ukikatika na waifai ikazima, unarudi kwenye kijiti chako kimoja.

Kikuza mawimbi kwako sikishauri. Chombo hiki hudaka mawimbi nje, huyaongeza, huyamwaga ndani. Kinafanya kazi kwenye mafungu yale tu kiliyotengenezewa. Kama simu yako haisikii fungu fulani, kuliongezea sauti hakutaisaidia. Kipaza sauti hakimfundishi mtu lugha asiyoijua. Hatari yake nyingine ni kwa majirani. Antena ya nje na ya ndani zikisikiana, chombo kinalia kama maikrofoni iliyosogezwa karibu na spika, na kelele hiyo inaingia kwenye mnara na kuharibu simu za mtaa mzima. Ndiyo maana nchi nyingi zinataka kibali. Marekani, kwa mfano, vinaruhusiwa vile tu vilivyoidhinishwa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na mtumiaji hutakiwa kukisajili kwa kampuni yake.

Kuhama kampuni ni haki yako, na katika nchi nyingi unaweza kuhama na namba yako. Ila usihame kwa hasira. Azima laini ya kampuni unayoitamani, iweke kwenye simu hiyohiyo yako, lala nayo chumbani siku mbili. Kama tatizo ni simu kutosikia masafa mapya, huenda kampuni nyingine nayo imeshapanga masafa yake vivyo hivyo, na utakuwa umehama na shida yako mfukoni. Tena baada ya muungano kampuni za kuchagua zimepungua. Kwa sababu hiyo wasimamizi wa mawasiliano na wa ushindani huweka masharti: Vodafone na Three za Uingereza, zilizoungana tarehe 31 Mei 2025, ziliruhusiwa baada ya kujifunga kuwekeza pauni bilioni 11 katika mtandao kwa miaka 10, chini ya uangalizi. Tafuta kampuni yenu ilijifunga kwa lipi. Masharti hayo kwa kawaida huchapishwa, na malalamiko yanayotaja sharti husikilizwa tofauti na malalamiko yanayosema mtandao mbovu.

Nenda dukani kwao mwenyewe, na kitambulisho, mambo yafuatayo yakitokea: kadi inahitaji kubadilishwa; laini zote zinasumbua ndani ya simu zote; au kitochi cha mama nacho kikianza kukata. Hilo la mwisho litakuwa na maana kwamba mnara wenyewe umeguswa, na hapo hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia. Dai wafungue ripoti ya ubora wa mtandao, si ya huduma kwa wateja. Wape karatasi yenye namba zako za dBm, mahali, saa, na tarehe tatizo lilipoanza. Omba namba ya ripoti. Wakati mwingine tiba ni ndogo kushangaza: antena ya mnara uliobaki iliinamishwa kutazama mtaa wake wa zamani, na kuinyanyua nyuzi mbili kunaifikisha kwenye nyumba zilizoachwa na mnara uliozimwa. Lakini mhandisi hanyanyui antena kwa sababu mtu alipiga simu akalalamika. Anainyanyua akiwa na namba. Majirani wenye tatizo kama lako wafungue ripoti zao pia, kila mtu yake. Zikipita wiki nne bila jibu la maana, peleka nakala kwa mamlaka ya mawasiliano.

Nikuonye na hili, kwa sababu kipindi cha kuungana ni msimu wa matapeli. Mtu atakupigia akijua jina la kampuni mpya, atasema laini yako inahamishwa, akuombe namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe. Kata. Kuhamisha wateja hufanyika ndani ya mitambo yao, hakuhitaji siri yako hata moja. Anayezitaka anataka kuichukua laini na kila akaunti iliyofungwa kwayo. Na laini yako ikipoteza mtandao ghafla kila mahali, si chumbani tu, usidhani ni maboresho: nenda dukani siku hiyohiyo uulize kama kuna mtu ametoa kadi nyingine kwa jina lako.

Laini ya mama usiiguse. Usiibadilishe kadi, usiitoe kwa ajili ya majaribio, maana kwa sasa ndiyo simu ya uhakika zaidi nyumbani mwenu. Waambie wanaokutafuta kwa dharura wapige namba yake mpaka yako itengemae. Ukiwa pale dukani, uliza 2G itazimwa lini eneo lenu, na uiandike tarehe hiyo, ili siku yake mama awe na simu ndogo ya vitufe yenye 4G na VoLTE kabla, si baada.